Nairobi, bandari iliyo mbali na maji

Mzee wangu, yaani mume wangu, amefanya kazi ya uwakala wa forodha Tanga miaka mingi, na miaka yote hiyo Nairobi aliijua kwa makaratasi tu. Kwake haukuwa mji wa twiga wala wa maghorofa. Ulikuwa mshindani. Mfanyabiashara wa Arusha mwenye kontena la vipuri kutoka Dubai angeweza kuliteremsha Tanga, karibu na kwake, lakini enzi hizo meli kubwa zilitia nanga mbali na gati letu, mzigo ukaletwa nchi kavu kwa tishari, siku zinakwenda na gharama zinapanda. Basi mwenye mali anaamua upitie Mombasa, upande mpaka Nairobi, kisha ushukie Namanga. "Wananipita juu kwa juu," mzee alikuwa akisema, na usiku huo chakula hakiliki nyumbani. Siku hizi bahari yetu imechimbwa kina na meli zinafunga gatini, ila yeye ameshastaafu.

Nami nimestaafu ualimu. Watoto wana miji yao, nyumba ya Chumbageni tumemwachia mdogo wangu, na tunaizunguka Afrika Mashariki kwa mabasi, na kwa treni pale inapopatikana. Tarehe ya kurudi hatujaiweka. Pensheni ndiyo itakayosema. Kila tuliyemwambia kwamba tunapitia Nairobi siku chache alitupa orodha ileile: twiga, watoto wa tembo, nyumba za Karen. Vyote ni vizuri, na vingine tuliviona. Lakini mwenzangu alikuwa na orodha yake, na baada ya kubishana kidogo njiani nikaona ya kwake ina akili kuliko ya vipeperushi. Alitaka kuutazama mji kwa kufuata mzigo.

Mzigo wenyewe ulitupokea kabla hatujafika. Ukitoka Namanga, ambako pasi zetu ziligongwa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja, barabara ni nyika, ng'ombe na upepo mpaka Kajiado. Ukifika Athi River na Mlolongo unaungana na njia itokayo Mombasa, na hapo ndipo malori yanapoanza. Lori nyuma ya lori, na juu ya kila moja kontena. Mzee aliomba kukaa dirishani, akaanza kusoma kwa sauti kama mtoto anayejifunza herufi.

Mimi nimeishi na mtu huyu zaidi ya nusu ya umri wangu na ndiyo kwanza nikafundishwa kusoma kontena. Ubavuni na mlangoni pana herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena. Ya nne karibu kila mara ni U. Tarakimu sita ni za kontena lenyewe, na ile ya mwisho, ambayo mara nyingi huchorewa kisanduku, haiwakilishi kitu chochote: inapatikana kwa kupiga hesabu ya herufi na tarakimu zote zilizotangulia. Hesabu ikikataa, ujue mtu kakosea kuandika, au kaandika kwa makusudi. Chini yake pana alama nyingine: 22G1 ni la futi ishirini la kawaida, 45G1 ni la futi arobaini lililoongezwa kimo. Tulipofika chini ya ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, inayokwenda kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, nilikuwa naweza kuzitaja kampuni tatu za meli bila kuangaliziwa. Kijana wa siti ya mbele alivua vipokea sauti masikioni, akageuka kutuangalia, akavirudisha.

Tulipata chumba South B, karibu na Eneo la Viwanda, ghorofa ya nne, maji ya bomba kwa siku maalumu. Ilikuwa Julai. Mtu wa Tanga asidanganywe na ramani kwamba Nairobi iko karibu na ikweta. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na asubuhi ya Julai ni wingu la kijivu lililokaa juu ya mabati mpaka saa sita mchana. Mzee alivaa mashati mawili na kusema hasikii baridi.

Pa kuanzia palikuwa Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka 1971 na hayana mbwembwe: banda, yadi ya majani, na vichwa vya treni vimesimama mvuani. Ukiingia pale ndipo unaelewa mji huu umetoka wapi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwishoni mwa Mei 1899 ilifika hapa, kwenye uwanda wenye majimaji, sehemu ya mwisho tambarare kabla ya kupanda milima na kuteremka Bonde la Ufa. Wajenzi wakasimama kupanga vifaa, karakana zikajengwa, makao ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka huohuo, na wengine wakasonga mbele hadi Kisumu, walikofika mwaka 1901. Nairobi, ukiiangalia kwa jicho la mzee, ni bohari la bandari lililogoma kuhama. Kwa kazi hiyo waliletwa karibu vibarua 32,000 kutoka India kwa meli, na 2,498 kati yao hawakurudi kwao hai.

Humo yadini lipo behewa la Ryall. Huyu alikuwa afisa wa polisi wa reli, na Juni 1900 alilala na wenzake wawili ndani ya behewa lililoegeshwa kituo cha Kima, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu. Zamu ya kukesha ilikuwa yake. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamtoa dirishani. Dirisha unaliona. Ni dogo. Nilisimama nikipima kwa macho jinsi simba mwenye mtu mdomoni anavyopita pale, na sikupata jibu. Walimu wa shule moja walikuwa wameleta watoto wa darasa la nne au la tano, na nawaambieni, hakuna somo la historia nililowahi kufundisha likasikilizwa namna ile.

Mzee hakukaa kwa Ryall. Alikuwa mbele ya lidude jekundu linaloitwa Mount Gelai, moja ya yale magari moshi makubwa aina ya Garratt yaliyotengenezwa Manchester miaka ya 1950, tani 252, kila moja likapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai ni mlima wetu, uko kule Ziwa Natron. Haya ndiyo yaliyokuwa yakivuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi hapa juu. Unaruhusiwa kupanda ndani. Alipanda, akashika kila kishikio, akashuka na masizi kwenye shati la juu.

Lakini kilichomkamata hasa ni vyombo vya mezani. Ndani ya banda, kwenye kabati la kioo, pana sahani na vikombe vya mabehewa ya chakula, vyenye herufi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini Tanga enzi za shirika hilo. Kuanzia mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya chombo kimoja, na makao makuu yalikuwa hapa Nairobi. Winchi ikiharibika Tanga, barua inakuja Nairobi. Karani anaomba likizo, faili lake linasafiri hadi Nairobi na kurudi. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na kupewa shirika lao lenye makao Dar es Salaam, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikabeba chake. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 bandari yetu ya chumvi na kunguru iliendeshwa na watu waliokaa mahali ambapo hata samaki wabichi lazima wasafirishwe.

"Baba alikuwa akisema Nairobi wamekataa, Nairobi wamekubali," mzee aliniambia, "nami nikadhani Nairobi ni mtu." Nyumbani kwa wakwe kulikuwa na sahani moja ya namna ile. Ilivyofika pale hatukuwahi kuuliza, na mbele ya lile kabati tuliona si wakati wa kuanza.

Kesho yake tukaenda Embakasi. Bandari kavu ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1984 na inaendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, walewale wa Mombasa. Kwenye hati ya shehena, kontena linaweza kuandikwa tangu Shanghai kwamba mwisho wa safari yake si Mombasa bali hapa. Hata msimbo linao: KENBO, kama ambavyo Mombasa ni KEMBA na Tanga ni TZTGT. Mzee ameziandika herufi hizo mara nyingi kuliko jina langu.

Usitegemee kuingia. Ni lango, ukuta, na nyuma ya ukuta winchi ndefu za rangi zinazoinua makontena kutoka kwenye mabehewa ya reli mpya ya SGR. Tulisimama ng'ambo ya barabara. Askari wa lango alikuja.

"Mzee, shikamoo. Kuna mtu mnangoja?"

"Marahaba kijana. Hapana, tunaangalia tu. Nimefanya kazi hii."

Kijana alitutazama, wazee wawili wenye mkoba wa chupa ya chai. "Haya, angalieni. Picha tu ndiyo msipige."

Jirani na pale pana vibanda vya chakula, na ndani ya kimojawapo tuliketi kwa chapati na madondo pamoja na mawakala wawili waliokuwa wakingoja mzigo wao utoke. Ikachukua dakika tatu mzee kujulikana ni mwenzao. Wakaanza kulinganisha tozo: siku ngapi kontena linakaa bure, kuanzia lini linalipiwa, nani anasaini nini. Nilimwona mtu wangu amerudi kijana. Wale mawakala walimweleza habari ambayo sisi tuliisikia kwa juujuu tu redioni. Treni za mizigo zilipoanza kuja hapa Januari 2018, serikali iliwasukuma waagizaji waufuate mzigo wao Embakasi badala ya kuutoa Mombasa. Madereva, wenye yadi na mama ntilie wa Mombasa wakaona riziki inapanda treni mbele ya macho yao. Mwaka 2019 waliandamana. Septemba 2022, rais mpya alipoapishwa tu, akatangaza kwamba utoaji wa mizigo unarudishwa Mombasa.

"Sasa wewe uko upande gani?" mzee alimuuliza yule mkubwa kwa umri.

"Mimi nakula huku, mzee. Lakini mke wangu ni wa Likoni, Mombasa."

Mimi upande wangu naujua. Bandari ikinyang'anywa mzigo wake mji unabaki na upepo, na Tanga tumeyaonja hayo. Mzee, ambaye ungetarajia aseme hivyohivyo, alisema mwenye mali ana haki ya kuutoa mzigo wake anapotaka, Mombasa au mlangoni kwake, na serikali isimchagulie. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Kama una asubuhi moja tu Nairobi, acha vyote nenda Gikomba, na nenda kabla jua halijachomoza. Ndilo soko kubwa la mitumba Kenya, liko kando ya Mto Nairobi, kwenye vichochoro vya mbao na mabati ambavyo vimeungua moto mara nyingi na kila mara vikajengwa tena. Fika mabelo yanapofunguliwa. Belo ni kitu kigumu, kilo 45 hivi, limebanwa na mashine likafungwa mikanda mpaka ukiligonga linalia kama gogo. Tulisimama nyuma ya duara la akina mama wapatao kumi. Kijana alilikata mkanda wa kwanza kwa kisu kidogo, belo likatoa pumzi. Mkanda wa pili, likainuka. Wa tatu, blauzi zikafumka na kumwagika juu ya turubai. Hakuna aliyesukumana. Mikono ilikwenda kasi lakini kwa utaratibu ambao wenyewe wanaujua: kila mmoja anavuta, anakunjua mbele ya tochi, anaangalia kwapa na kola, anaweka kifuani au anatupa. Zile za kwanza, ambazo hazina doa wala mchubuko, wanaziita kamera, na bei yake ni ya juu. Zinazobaki zinashuka ngazi kwa ngazi kadiri siku inavyokwenda, hadi jioni zinaitwa fagia na kuuzwa kwa sarafu.

Nikachukua sweta la sufi la kijani. Mzee aligeuza lebo: limeshonwa Bangladesh. Akanieleza safari yake bila kuulizwa. Limepanda meli kwenda nchi ya baridi, huenda Kanada au Uingereza, likavaliwa msimu mmoja miwili, likatolewa sadaka, likachambuliwa, likabanwa belo, likapanda meli tena hadi Kilindini, bandari ya Mombasa, likapanda lori au treni, na sasa liko mkononi mwa mwalimu wa Tanga anayetetemeka. Bahari mara mbili. "Sweta hili," akasema, "lina mihuri kuliko pasi yako."

Ng'ambo ya nguo kuna soko la samaki. Sangara na sato wa Ziwa Viktoria, furu, dagaa wanaoitwa omena kwa debe, na kando yake maboksi ya sato waliogandishwa kutoka China. Nao wamekuja kwa kontena, kontena lenye jokofu, lile lenye alama ya R. Muuzaji hakuficha asili yake wala hakuona haya, maana huyo ndiye mteja wa kipato kidogo anayemmudu. Nilielewa. Kumla sikuweza. Mimi ni mtoto wa changu na kolekole, kuna mahali pa kuishia.

Ijumaa tuliswali Jamia, katikati ya mji, msikiti uliojengwa kati ya mwaka 1925 na 1933. Kutoka hapo tulikwenda Pangani, kwa sababu sisi nasi tuna Pangani yetu kwa jirani. Hii ya Nairobi ilikuwa moja ya vijiji vya mwanzo vya Waafrika mjini, wenye nyumba za Kiswahili, hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilipokibomoa na kuwahamishia wakazi Shauri Moyo. Leo ni maghorofa na makutano ya barabara. Hapana la kuona, nasema ukweli. Tulipanda pia KICC, jumba la mikutano la katikati ya mji, ghorofa 28 zilizokamilika mwaka 1973. Wingu likatunyima mji wote isipokuwa paa za stesheni, jambo lililomfurahisha mtu mmoja kati yetu.

Na mbuga? Tulikwenda. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ina kilomita za mraba 117, ipo tangu mwaka 1946, na iko karibu na mji kiasi kwamba twiga anapiga picha na majengo. Reli ya SGR inakatiza juu yake kwa daraja refu la nguzo. Swala walikuwa wakila chini, treni ikapita juu ikielekea Naivasha na makontena yake, na hakuna swala aliyeinua kichwa. Mzee aliinua. Yalikuwa yanasomeka.

Ndani ya hifadhi hiyohiyo pana mahali palipochomwa pembe za ndovu. Rais Moi alichoma tani 12 hapo Julai 1989, na Aprili 2016 zikachomwa tani 105, milundo ya pembe iliyokuwa mirefu kuliko watu. Majivu na mabaki yake bado yapo. Hapo ndipo mzee aliposema jambo ambalo hakuwahi kuniambia kazini kwake. Pembe haiandikwi pembe kwenye hati. Inaandikwa chai, maharage, samaki wakavu. Mwaka 2015 Singapore walikamata shehena ya tani kadhaa imefichwa ndani ya majani ya chai yaliyotoka Kenya. Wakala mwaminifu naye anaweza kuitia saini hati kama hiyo, kwa kuwa kontena halioni, anaona karatasi. Nikamuuliza kama yeye iliwahi kumtokea. Akasema mizigo miwili aliikataa maishani mwake kwa sababu uzito haukulingana na kilichoandikwa, na wateja wale hawakurudi, na ilikwenda wapi baadaye hataki kujua.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa na basi la Kisumu la saa tatu. Kisumu ni bandari yenye maji, kwa hiyo safari hii hapakuwa na ubishi juu ya orodha. Mzee alitaka tupite Embakasi kwanza akawaage wale mawakala. Mimi nikasema kule Kericho barabarani kuna baridi kuliko hii na mashati mawili hayatatosha. Tulikwenda Gikomba. Alilishika koti la kahawia, akageuza lebo, akauliza belo limetoka nchi gani, limeshuka lini Mombasa, na kama limelipiwa ushuru kwa kilo au kwa kontena.

"Mzee wangu," muuza koti akamwambia, "unanunua ama unafanya ukaguzi?"

Alinunua. Hakupunguziwa hata shilingi.